Usukani mgumu kama wa trekta: usinunue pampu kwanza, inua gari

Marahaba binti yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili maana limejaa vitu vya maana ambavyo nadhani mafundi wako wawili hawakusikiliza ulipokuwa unavisema. Kwa faida ya wengine nalirudia kwa kifupi: wewe ni muuguzi, uko Iringa mjini, una Carina TI ya injini ya 5A, usukani umeanza kuwa mgumu kama wiki tatu sasa, asubuhi ndo balaa kabisa unapambana kutoa gari getini mpaka mabega yanauma, ukikata kona kuna mlio, ukikanyaga mafuta kidogo unalegea, oili umeshaongeza mara mbili na bado inapungua. Fundi wa kwanza kasema pampu imekufa, laki mbili na nusu. Wa pili kasema pampu nzima, kilichokufa ni raki (kile chombo cha chini kinachogeuza tairi), na hata bei hakutaja, akasema tu "tutaongea". Unauliza umwamini nani.

Kwa leo usimwamini hata mmoja. Sisemi ni waongo, wanaweza wakawa sahihi wote, ila katika maelezo yako yote sijaona sehemu yoyote mtu amepima kitu. Wamesikiliza mlio, wamezungusha usukani mara mbili, wametaja spea. Mimi nimeshika spana zaidi ya miaka thelathini na bado siwezi kujua kwa kusikiliza tu, na niliwahi kujifanya najua nikaumbuka, ntakwambia mbele huko.

Kwanza uelewe kinachokusaidia kukata kona ni nini, maana ukielewa hapo hata fundi akija na hadithi utamshika. Gari lako lina pawa stelingi ya oili. (Vijana wanasema stelingi hafi, huyo ni wa kwenye sinema, stelingi ya gari inakufa vizuri tu.) Kuna chombo kidogo cha oili, oili inashuka kwa mpira mwepesi mpaka kwenye pampu, pampu inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini, pampu inasukuma oili kwa presha kubwa kupitia mpira mgumu au bomba la chuma mpaka kwenye raki kule chini, ukizungusha usukani valvu ndogo ndani ya raki inafungua upande mmoja, oili inasukuma pistoni, pistoni inasukuma tairi. Halafu oili inarudi kwenye chombo, safari inaanza upya. Basi. Sasa injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, pampu inazunguka taratibu, inatoa oili kidogo, na gari likiwa limesimama tairi inasuguana na ardhi kwa nguvu kuliko wakati wowote. Ndo maana ugonjwa wowote wa pawa unaonekana kwanza ukiwa unapaki, barabarani unaweza usiuone kabisa kwa miezi.

Kwa hiyo hilo la kwamba ukikanyaga mafuta unalegea ni ushahidi, lishike. Kama kingekuwa kitu cha chuma kimekamata huko chini, mfano bojointi (kiungo kinachobeba tairi na kuiacha igeuke) imekauka au beringi ya juu ya shokapu imekufa, ungekanyaga mafuta mpaka kesho na ugumu ungebaki uleule. Kulegea ukiongeza mzunguko kunasema shida ina uhusiano na oili kufika kwa nguvu: mkanda unateleza, oili pungufu, hewa imeingia, au pampu yenyewe imechoka. Angalia pampu iko wapi kwenye huo mstari. Ya mwisho. Na nyingine zote tatu ni za bei ya chakula cha mchana.

Lakini hata hivyo anza na upepo wa tairi. Najua unacheka. Cheka, afu nenda kapime. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna karatasi ya presha, gari ndogo kama yako mara nyingi inataka PSI 30 mpaka 33 hivi, kama karatasi imeng'oka weka 32. Nimeshaletewa gari tairi za mbele zina 18, mwenye gari ametoka kununua pampu ya mtumba sehemu nyingine na usukani bado mgumu, tukajaza upepo akaondoka amekasirika, sio na mimi. Upepo pungufu hausababishi mlio wala oili kupungua kwa hiyo kwako sio jibu lote, ila unaweza ukawa unaongeza ugumu juu ya ugumu na ukakuchanganya.

Halafu fungua boneti asubuhi gari likiwa limelala usiku mzima. Tafuta chombo cha pawa, kuna alama za COLD na HOT, ama pembeni ya chombo ama kwenye kijiti kilichoungana na kifuniko. Gari baridi unasoma COLD. Chovya kitambaa cheupe au pamba, wewe pamba huna shida nayo. Toyota za aina yako zinatumia ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya daraja la Dexron II au III, ile mafundi tunaita haidroliki, rangi yake nyekundu inayopitisha mwanga. Pamba ikitoka nyekundu, sawa. Ikitoka ya kahawia kama chai ya rangi iliyokaa kwenye chupa siku mbili, oili imechoka. Ikitoka nyeusi na inanuka kuungua, au ukisugua kwenye vidole kuna vumbi la chuma linang'aa, hapo pampu inajila na mazungumzo yanabadilika. Na kama ina povu, yaani rangi imekuwa waridi kama juisi iliyotoka kwenye blenda, kuna hewa inaingia.

Iringa na baridi yenu ya mwezi wa sita na wa saba, oili iliyochoka inakuwa nzito asubuhi mpaka gari lipate moto. Hilo linaelezea nusu ya "asubuhi ndo balaa". Nusu nyingine inaweza kuwa raki, ntakuja huko, usiogope kwanza.

Umesema umeongeza oili mara mbili, hukusema oili gani. Niambie ukweli. Kama ni ile ya breki aliyokuwa nayo fundi kwenye kikopo, useme mapema, maana oili ya breki ni ya jamii nyingine kabisa, inaharibu zile sili, pete za mpira zinazozuia oili isitoke, ndani ya pampu na raki, na kuzipata upya sio kazi ya jioni moja. Kama imeingia kidogo unaweza ukawahi kuimwaga yote na kusafisha. Na kinyume chake ni kibaya zaidi, haidroliki kwenye breki, huko unaua mtu. (Wenye Honda mnaosoma hapa, hii habari ya ATF sio yenu, Honda wana oili yao ya pawa na wanasema wazi msiweke ATF.)

Sasa oili inakwenda wapi? Gari halinywi oili ya pawa, oili ikipungua imetoka. Na kwenye gari lako kuna sehemu nne tu za kutafuta, ila moja imejificha na mafundi wengi hawaijui.

Ya kwanza mpira wa presha, hasa pale kwenye maungio ambapo mpira umekutana na chuma kwa ile pete ya kubana. Carina za umbo lako zilitoka Japani kati ya 1996 na 2001, huo mpira kama ndo uliokuja na gari una umri wa kwenda chuo kikuu na kumaliza. Pangusa pakauke, mtu awashe gari akate usukani kulia na kushoto, wewe tazama kwa tochi. Jasho jekundu likitokea hapo umepata. Na tafadhali usikubali fundi akafunga klipu ya kukaza na spana bisi kwenye mpira wa presha, hiyo ni ya mpira wa kurudishia oili tu ambao hauna nguvu. Mpira wa presha unapelekwa kwa wale mafundi wa hozi wanaobana mipira ya matrekta na makatapila, wanakata, wanaweka mpira mpya, wanabana kwa mashine. Hapo Iringa kwa wakulima wote waliopo hukosi wa kukufanyia.

Ya pili shingo ya pampu, nyuma ya puli, lile gurudumu linalopita mkanda. Sili ya shafti ikichoka utaona oili imerushwa duara pale pembeni, na mbaya zaidi inarukia mkanda, mkanda ukilowa oili unateleza, unateleza usukani unakuwa mgumu na unalia. Ona sasa ugonjwa mmoja umezaa dalili zote tatu ulizonitajia.

Ya tatu ni ndani ya raki. Raki ina buti za mpira kulia na kushoto, zile zilizokunjamana kama kodiani. Sili za raki zikikata, oili haidondoki chini mara moja, inajaa kwenye buti. Binya buti kwa mkono gari likiwa limezimwa. Likiwa zito na linacheza kama mfuko wa maziwa, au ukilegeza klipu ya mwisho ikamwagika oili, basi fundi wa pili alikuwa na hoja. Ukikuta ndani pakavu na vumbi tu, raki haivuji, na yeyote atakayekuuzia raki kwa sababu ya oili kupungua amekosea.

Ya nne ndo ile iliyojificha. Kwenye pampu za Toyota za wakati huo kuna kavalvu kadogo kenye vimipira viwili vyembamba vya hewa vinavyokwenda kwenye manifodi (njia ya hewa ya kuingia kwenye injini), kazi yake ni kuongeza sailensa kidogo ukikata kona ili injini isizime. Kale kavalvu kakichoka ndani, injini inaanza kunyonya oili ya pawa kupitia vile vimipira na kuichoma. Chini hakuna tone, buti ni kavu, kila kitu kikavu, na oili inapungua. Mtu wa nyuma yako ndo anaona moshi mweupe mzito. Nimeona jamaa akifunguliwa injini abadilishiwe ringi za pistoni kwa ajili ya moshi uliokuwa unatoka kwenye pawa! Chomoa hivyo vimipira viwili uviangalie ndani, vinatakiwa vikavu, ukikuta wekundu umemaliza kesi. Kwa muda unaweza ukaziba pande zote, kwenye valvu na kwenye manifodi, sailensa itashuka kidogo ukikata kona lakini gari linatembea, mpaka upate kavalvu kengine.

Kuhusu mlio. Umeandika "ngwiii" na mimi huo mlio siujui kama ni chuma au mkanda, lugha ya milio kila mtu ana yake. Mkanda unateleza unalia juu, chiiii, kama mtoto anayekataa sindano, na unalia hasa ukifika mwisho wa kukata au ukiwasha tu asubuhi. Pampu yenye hewa au yenye njaa ya oili inaunguruma chini, nguuuu, kama ng'ombe mbali, na mngurumo unapanda injini ikipanda. Namna ya kutenganisha: injini ikiwa imewashwa, mtu akate usukani, wewe nyunyizia maji kidogo kwenye mkanda upande wenye mbavu. Sauti ikibadilika, ama ikakatika ama ikazidi, ni mkanda. Ikiendelea kama hakuna kilichotokea, ni pampu au hewa. Ila ufunge kilemba vizuri, na usivae khanga hapo mbele, kitenge nacho hapana, mkanda ule haumjui mtu na hautoi onyo.

Ukizima gari uangalie huo mkanda. Upande wa ndani ukiwa unang'aa kama kioo, au una nyufa za kukatiza, huo unabadilishwa, hakuna kukaza. Ukiwa mzima ila umelegea, ukiubonyeza kwa dole gumba katikati unaingia zaidi ya kama sentimita moja, unakazwa kwa kusogeza pampu. Usikaze mpaka ulie kama gitaa, utaua beringi ya pampu halafu kweli utanunua pampu. Kuna wanaopaka sabuni ya mche kwenye mkanda ili unyamaze, unanyamaza kweli, siku mbili, afu unateleza zaidi.

Kama ni mngurumo wa hewa na hakuna tone linalovuja, mtuhumiwa ni ule mpira mwepesi wa kutoka kwenye chombo kwenda kwenye pampu. Pampu inanyonya pale, haisukumi, kwa hiyo mpira ukiwa umekakamaa na klipu haibani vizuri, haitoki oili, inaingia hewa. Watu wanatafuta oili chini ya gari wiki nzima hawaioni. Na ndani ya chombo chenyewe chini kuna kichujio cha nyavu, kikijaa uchafu pampu inakosa oili hata kama chombo kimejaa, inaunguruma na usukani unakuwa mgumu vilevile. Chombo kinafunguliwa, kinaoshwa kwa petroli, kinakaushwa, kinarudi.

Sasa kipimo ambacho ningetaka umlazimishe fundi akifanye mbele yako, kabla hujatoa shilingi ya spea. Paki sehemu tambarare, weka mawe nyuma na mbele ya tairi za nyuma, vuta hendibreki. Pigeni jeki mbele mpaka tairi zote mbili za mbele zielee, na muweke stendi, mtu asiingie chini kwa kuamini jeki peke yake, hata dakika moja. Injini isiwashwe. Funguo iwe imewekwa mpaka pale usukani unapoachia, isibaki kwenye lock. Kaa kwenye kiti uzungushe usukani kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia taratibu, ni kama mizunguko mitatu hivi. Unatakiwa usikie uzito kidogo, ule wa kusukuma oili, lakini uzito uwe mmoja mwanzo mpaka mwisho, laini kama kukoroga uji.

Ukienda laini hivyo, chuma ni kizima, tatizo ni oili, mkanda au pampu, rudi kwenye yale ya juu. Ukiwa mgumu hata tairi zikiwa hewani, acha pampu kabisa, hiyo haina kesi. Fundi achomoe tairodi endi mbili (vile vichwa vya fimbo zinazotoka kwenye raki kusukuma tairi), ya kulia na ya kushoto, kutoka kwenye mikono ya tairi. Sasa umegawa gari vipande. Shika tairi kila moja kwa mkono, igeuze kama unafungua mlango: ikigoma upande wowote, ni bojointi ya chini au beringi ya juu ya shokapu ya upande huo. Zikiwa laini zote, zungusha usukani peke yake: ukigoma bado, ni raki au ni shafti ya usukani, hapo unachomoa ile jointi ya krosi inayounganisha shafti na raki, unazungusha tena. Kila hatua unaua mshitakiwa mmoja, mwisho anabaki mmoja na huyo ndo unamnunulia spea. Kazi yote hiyo ni ya saa moja na nusu kwa fundi ambaye hasimulii mechi za mpira.

Hapa ndo nikwambie ya kwangu. Nilikuwa kijana, nimetoka kuwa saidia fundi nimeanza kuaminiwa, ikaja gari usukani mgumu na ukishakata kona haurudi wenyewe, mpaka uuvute kwa mkono. Nikasema raki, kwa sauti kubwa, mwenye gari akasikia. Raki ikanunuliwa, nikaifunga kwa siku nzima, nikashuka na mikono imechubuka, usukani uleule. Bosi wangu hakusema kitu, alikuja akainua boneti, akaweka kiganja juu ya kichwa cha shokapu ya kushoto, akaniambia kata. Nikakata. Akaniita niweke kiganja changu. Springi ilikuwa haigeuki na shokapu, inajinyonga kwanza afu inaruka, "tang", unaisikia mpaka kwenye kiwiko. Beringi ndogo ya juu imejaa kutu. Ile raki nililipa kwa mshahara wangu kwa miezi, na mpaka leo gari lenye usukani usiorudi wenyewe naweka kiganja pale kabla sijafungua mdomo. Jaribu na wewe, haihitaji spana.

Kuna dalili nyingine ndogo zinazoongea zenyewe. Usukani ukiwa mgumu halafu laini halafu mgumu halafu laini ndani ya mzunguko mmoja, yaani unapata sehemu mbili nzito kila ukizungusha, karibu kila mara ni ile krosi ya shafti imekauka, inaingia maji ya kuosha gari na kutu. Ukiwa mgumu kukata upande mmoja tu na mwingine laini, hapo ni valvu au sili ndani ya raki, pampu ingechoka ingechoka pande zote. Ukiwa mgumu asubuhi tu, na dakika kumi baadaye hata bila kukanyaga mafuta umekuwa kama mpya, na oili ni safi, mkanda mzima, ni sili za ndani ya raki zimekakamaa, zinapitisha oili mpaka zipate joto. Na kama ugumu ulianza mara tu baada ya fundi "kuua mlio" wa mbele, muulize kama alikaza ile nati kubwa ya mgongoni mwa raki. Raki ikigonga kuna mafundi wanakaza nati hiyo mpaka mlio unakufa, na usukani nao unakufa pamoja nao.

Tuseme vipimo vyote vinasema oili na mkanda, kama ninavyohisi. Hivi ndo ningefanya gari lako. Ningeziba kwanza kinachovuja, maana kumwaga oili mpya kwenye mpira unaovuja ni kuilisha barabara. Kisha kubadili oili yote. Njia ya taratibu ambayo hata wewe unaweza: chukua bomba la sindano la mls 50 bila sindano, weka kimpira, nyonya oili yote iliyoko kwenye chombo, jaza mpya, washa gari dakika chache ukikata kulia na kushoto taratibu, zima, nyonya tena. Ukirudia hivyo siku tatu nne itakuwa imegeuka nyekundu. Bomba hilo lisirudi wodini. Lita mbili zinatosha na kubaki.

Njia ya haraka ni kuchomoa mpira wa kurudi, kuziba mdomo wa chombo, kuelekeza mpira kwenye chupa na kumwaga yote kwa mkupuo, ila inataka watu wawili wanaoelewana, chombo kikikauka pampu inazunguka bila oili na hiyo kwa pampu ni kama kukimbia bila maji.

Ukimaliza kuna hewa, lazima itoke. Mbele ikiwa hewani, injini imezimwa, kata mwisho hadi mwisho mara kumi na tano, ishirini, ukiongeza oili kila inaposhuka. Ndipo uwashe, uendelee taratibu mpaka povu liishe kwenye chombo. Usishikilie usukani ukiwa umefika mwisho, sekunde mbili tatu achia, pale pampu inasukuma ukuta, oili inachemka, sili zinalia. Hii ni tabia ya wengi kwenye paking, anafika mwisho anaendelea kubana kama anakamua nguo.

Na pampu je, inakufa lini? Ukishakuwa na mkanda mzima uliokazwa, oili safi mpaka kwenye alama, hakuna povu, kichujio safi, tairi zina upepo, chuma kimepimwa kikaenda laini, na bado sailensa ni mgumu pande zote na ukikanyaga unalegea, basi nunua pampu, fundi wa kwanza alikuwa sahihi kwa bahati. Ukinunua ya mtumba izungushe shafti kwa vidole, iende laini bila kukwaruza na isicheze pembeni, unuse na mdomo wake, ikinuka kuungua rudisha. Na raki, wakikushauri kuibadili sili tu badala ya kununua nzima, waambie waitoe ile fimbo ya chuma uione kwa macho. Ikiwa inang'aa yote, sili mpya zitakaa. Ikiwa na vidoa vya kutu unavyoweza kuvihisi kwa ukucha, vitakata sili mpya ndani ya miezi michache na utarudi palepale.

Wenye IST, Vitz na Passo nawajua mtakuja kuuliza pampu yenu iko wapi, kwa zenu nyingi haipo, ni za umeme, kuna mota kwenye shafti ya usukani. Angalieni taa ya EPS au P/S kwenye dashibodi, fyuzi, na betri: gari limezimwa betri nzima inasoma kama volti 12.6, likiwaka inatakiwa 13.5 hadi 14.5, ikishuka sana chini ya hapo mota inaweza kukosa nguvu na kompyuta ikakata msaada. Pia mkikata kata sana kwenye paking mota ikipata moto inapunguza nguvu kujilinda, pumzikeni itarudi. Taa ikiwaka na kubaki, mashine ya kupima kwanza, sio mkono wa fundi kwenye waya za chini ya usukani.

Binti, kitu kimoja cha haraka kabla ya hivyo vyote. Mpaka hapo utakapojua oili inatokea wapi usishuke mlima Kitonga wenye kona nyingi na hilo gari. Mkanda ukikatika au oili ikiisha usukani haufungi, unaendelea kukata, ila uzito unaokuja ghafla katikati ya kona na lori mbele yako ni kitu kingine. Na kwenye mteremko wowote usizime injini kubana mafuta kama wanavyofanya wengine, ukizima pawa inaondoka, na breki zikishakanyagwa mara mbili tatu nazo zinakuwa jiwe, na ukichomoa funguo usukani unajifunga kabisa. Kushuka tu mteremko wa hapo Ipogolo kwenda kununua mboga inatosha kukufundisha.

Ukishapima upepo wa tairi, anza na buti za raki na vile vimipira viwili vya hewa, vyote unaviona bila kuchomoa kitu kikubwa. Nijibu umekuta nini, oili ni rangi gani kwenye pamba, na ulikuwa umeongeza ya aina gani. Kama unaweza piga picha ya upande wa ndani wa mkanda, kwa tochi, gari limezimwa.